Alisimama kwa Ncha za Vidole: Kisa cha Mtoto Aliyezuia Choo

Kisa kilipoanza mtoto huyu alikuwa na miaka 4 na miezi 3. Hapa nitamwita Bwana Maji, jina tulilokuwa tukimtania nalo sisi walimu, maana kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumimina maji: kutoka jagi hili kwenda lile, kukamua sifongo, kupangusa meza, kisha kuanza upya. Angeweza kukaa hapo asubuhi nzima.

Darasa lilikuwa na watoto 22 wa miaka 3 hadi 6 wakiwa pamoja, walimu wawili na msaidizi mmoja. Kila asubuhi zipo saa 3 ambazo hazikatizwi na kengele wala somo la pamoja. Mtoto huchagua kazi, huifanya kwa kadiri atakavyo, huirudisha mahali pake. Chooni huenda anapojisikia, haombi ruhusa kwa mtu. Hilo la mwisho tulikuwa tukijivunia kweli, kwa sababu wengi wetu tulisoma shule ambazo mtu alinyoosha kidole mpaka kaptura ikaloa.

Basi ni katika darasa hilohilo, ambalo hakuna aliyemzuia, mtoto alijizuia mwenyewe hadi akaugua. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu kwa muda mrefu tulikitazama na hatukukiona, na kwa sababu nimeshawasikia walimu wengine wa elimu ya aina yetu, ile inayomwachia mtoto achague kazi mwenyewe, wakisimulia kitu kinachofanana nacho bila kukipa jina lake.

Wiki sita za kukisia

Kilianza kidogo. Wiki ya tatu ya muhula wa pili, msaidizi wetu alikuwa akimsaidia kuvua nguo zilizolowa maji ya kazi yake, akaona doa la kahawia kwenye chupi. Doa tu, la ukubwa wa sarafu. Tukasema hakujifuta vizuri, na siku hiyo hiyo tukarudia naye somo la kujifuta. Siku tatu baadaye, doa jingine. Wiki iliyofuata halikuwa doa tena: kinyesi chepesi, karibu uji, kimepenya hadi nje ya kaptura, na yeye anaendelea kumimina kama vile hakuna lililotokea.

Huko kuendelea kwake ndiko kulikotupoteza. Tulipomwuliza kama anajihisi amejichafua, alisema hapana. Tukaona anaficha. Nyumbani kwao kulikuwa na kichanga cha miezi 2, na maelezo yakajileta yenyewe: amepata mdogo wake, anataka naye awe mchanga tena. Ni maelezo matamu, yanasikika kama ya mtu aliyesoma, na walimu wa mwelekeo wetu tunayapenda kupita kiasi. Nilimwambia mama yake mimi mwenyewe, mlangoni, kichanga kikiwa kimelala begani mwake: "Mama, mtafutie muda wa ninyi wawili peke yenu, atatulia." Akaniitikia, "Sawa, mwalimu." Ilipita miezi kabla hajaniambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akijiona amemwumiza mtoto wake kwa kuzaa mwingine.

Kwa kuwa kinyesi kilikuwa chepesi, wazazi waliamini anaharisha. Wakampa dawa ya kufunga kuharisha iliyokuwa nyumbani, kwa siku nne. Sasa nikikumbuka hapo huwa nafumba macho.

Wiki ya tano tangu doa la kwanza akaanza na kujikojolea, yeye ambaye alikuwa mkavu tangu ana miaka 3. Wiki hiyo hiyo, tukiwa tumekaa duara, msichana mmoja wa miaka 5 akasema kwa sauti bila ubaya wowote, "Mimi sitaki kukaa hapo, ananuka." Bwana Maji akajinusa mkono wa kulia, akajinusa wa kushoto, akamwambia, "Mbona mimi sisikii?" Hakuwa akibisha. Kweli hakuwa akisikia harufu. Pua ya mtu anayeishi na harufu moja mchana kutwa huizoea ikaacha kuitambua. Sisi watu wazima tuliokuwa tumekaa pale tulimchukulia kama anajitetea.

Alichokipata daktari

Mama alimpeleka hospitali wiki ya sita. Si sisi tuliomshauri. Tumbo lilikuwa limeanza kumwuma. Daktari wa watoto alimlaza chali, akabonyeza upande wa kushoto chini ya kitovu, akakuta donge. Kisha akamwuliza mama maswali ambayo sisi, katika wiki sita za kumjadili mtoto huyu kwenye vikao, hatukuwahi kuuliza hata moja. Anapata choo kikubwa mara ngapi kwa wiki? Mama hakujua, kwa sababu mtoto alishajifunza kwenda mwenyewe na wote walikuwa wamefurahi kuachana na kazi hiyo. Choo chake ni kinene kiasi cha kuziba? Ndiyo, baba alishazibua mara mbili. Analalamika kinauma? Zamani, alipokuwa na homa, alilia sana siku moja. Kuna nyakati anasimama amekakamaa, amebana miguu, au anasimama kwa ncha za vidole? Hapo mama alicheka kidogo. Ndiyo, nyuma ya pazia, uso umemwiva. Walikuwa wakidhani anasukuma.

Alikuwa anazuia. Hilo ni kosa ambalo karibu kila mtu mzima hulifanya: mtoto anayekaza makalio na kujinyoosha ili kinyesi kisitoke anafanana kabisa na mtoto anayejikamua ili kitoke.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kinyesi kikifika kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ukuta wake hutanuka na mtu husikia haja. Akikaza msuli na kungoja, haja hupita. Lakini kinyesi kinabaki palepale, na utumbo unaendelea kunyonya maji yake, kwa hiyo kesho ni kigumu zaidi na kinene zaidi. Siku kitakapotoka kitauma, na mtoto wa miaka 4 aliyeumia mara moja hahitaji kufundishwa mara ya pili. Anazuia tena. Puru iliyokaa imejaa kwa wiki na wiki hulegea, hutanuka kupita kipimo chake, na ile habari ya kwamba "kumejaa" haifiki tena kwenye ubongo. Wakati huo kinyesi kipya kinachoshuka kutoka juu, ambacho bado ni chepesi, hupenya pembeni mwa donge na kuvuja. Huo ndio uji tulioufikiria kuwa kuharisha. Mtoto hausikii ukitoka. Na kibofu cha mkojo, kwa kuwa ni jirani yake, husukumwa na puru hiyo iliyojaa. Ndiyo sababu ya kujikojolea.

Kwa hiyo mtoto alituambia ukweli kila tulipomwuliza.

Daktari alipima kwanza kama kuna ugonjwa nyuma yake. Aliuliza kama alipozaliwa alitoa kinyesi cha kwanza ndani ya saa 48, akatazama uzito na urefu wake, akamkagua mgongo wa chini na nguvu za miguu, akauliza kuhusu kutapika nyongo na damu kwenye kinyesi. Hakukuta kitu. Mtoto akishavuka umri wa uchanga, zaidi ya visa 9 kati ya 10 vya kufunga choo havina ugonjwa wa kimaumbile. Ni mzunguko wa maumivu na kuzuia. Vigezo vinavyotumika kuutambua vinaitwa Vigezo vya Roma, na toleo la 4 la mwaka 2016 linataka dalili 2 au zaidi kati ya 6 zilizodumu angalau mwezi. Bwana Maji alikuwa na 5. Ya sita, kupata choo mara 2 au chini yake kwa wiki, haikuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Madaftari

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyetoa wazo la kurudi kwenye madaftari. Katika darasa letu kila mtoto ana daftari la uchunguzi. Tunaandika amechagua nini, amekaa nacho muda gani, amekwama wapi, ameongea na nani. Ndiyo kazi yetu hasa. Mwalimu wa elimu inayomfuata mtoto asipochunguza anabaki mtu aliyekaa kwenye kiti kidogo.

La Bwana Maji lilikuwa na kurasa 61. Tulilisoma jioni moja, sote watatu, tukitafuta neno choo. Halikuwamo hata mara moja. Yalikuwamo maji, jagi, sifongo, matone aliyomwaga na kuyapangusa bila kuambiwa, dakika alizokaa (siku moja 95). Halafu tukafika kwenye ukurasa wa mwezi uliotangulia doa la kwanza, mwandiko ni wangu: "Anamimina akiwa amesimama kwa ncha za vidole, miguu imebana, mwili umetulia tuli, uso umeiva. Amezama kabisa. Sikumsogelea."

Nilikuwa nimepiga mstari chini ya "amezama kabisa".

Kurasa chache mbele, mwenzangu aliandika: "Leo tena kwa ncha za vidole. Labda meza ni ndefu kwake?" Na kweli tulibadilisha meza. Tulimletea fupi zaidi. Mtoto akasimama kwa ncha za vidole mbele ya meza fupi, na sisi hatukujiuliza tena.

Sikuandika haya ili kujilaumu. Nayaandika kwa sababu hapo ndipo kisa kilipo. Hatukuwa wazembe, tulikuwa macho sana, kwa kitu kimoja. Tulifundishwa kuheshimu mtoto aliyezama kazini, tusimkatize, tusimsifu, hata tusimtazame machoni akashtuka. Ni fundisho zuri na bado nalifuata. Lakini lilikuwa limetufanya tuone mikono ya mtoto na tusione sehemu iliyobaki.

Ajabu ni kwamba waliotuachia njia hizi wengi walikuwa madaktari. Maria Montessori alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, na alipofungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika mtaa wa San Lorenzo tarehe 6 Januari 1907, kupima urefu na uzito wa watoto kulikuwa sehemu ya kazi, na kanuni za nyumba ziliwataka wazazi wamlete mtoto akiwa safi mwili na nguo. Emmi Pikler, aliyeanza kuongoza nyumba ya watoto wachanga Budapest mwaka 1946, alikuwa daktari wa watoto. Janusz Korczak wa Warsaw naye pia. Kwao mwili ulikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Sisi tuliorithi tumechukua rafu, mikeka na majagi, na mwili tumemwachia mzazi asubuhi na msaidizi mchana.

Bei ya kwenda chooni

Hofu ya maumivu ilieleza kwa nini alizuia nyumbani. Haikutosha kueleza kwa nini shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi, siku 5 za wiki mbaya, siku 2 za mapumziko nafuu. Tukaanza kutazama chumba badala ya mtoto.

Meza ya maji ni moja tu darasani, kwa makusudi; watoto hujifunza kungoja zamu. Kanuni yake: ukiondoka, umemaliza. Unamwaga maji, unakausha jagi, unapangusa meza na sakafu, unageuza sifongo ikauke, ndipo mwingine anaruhusiwa. Kwa kazi ya mkeka si hivyo. Mkeka ukiuacha umetandikwa na kazi yako juu yake, hakuna atakayeigusa hata ukikaa nje nusu saa. Kwa hiyo mtoto anayejenga mnara anaweza kwenda chooni na kurudi akaukuta mnara wake. Mtoto wa maji akienda chooni amepoteza kazi, na huenda asiipate tena siku hiyo kwa sababu wapo wawili wanaosubiri.

Kanuni hiyo niliiweka mimi, miaka mitatu kabla, baada ya mtoto mmoja kuteleza kwenye maji yaliyoachwa. Haikunipitia akilini kwamba nilikuwa nimeitia bei safari ya chooni, na kwamba mteja wangu mkubwa atakuwa mtoto yule yule anayeyapenda maji kuliko wote. Tulimwambia uko huru kwenda wakati wowote. Alikuwa huru kama mtu aliyeko mwanzo wa foleni ndefu alivyo huru kuondoka.

Na choo chenyewe. Tuna vyumba viwili, kimoja cha kiti kidogo, kingine cha kawaida cha mtu mzima. Milango yake ni nusu, imeachwa wazi chini na juu ili tuweze kuona kama mtoto ameanguka au amekwama. Wiki ya nane, mwenzangu alikaa naye bustanini wakichuma majani makavu, akamwuliza tu, hivi choo chetu ukoje nacho? Akajibu bila kuinua kichwa: "Pale watu wananiona miguu." Baada ya muda akaongeza, "Na kile kikubwa kinaning'iniza."

Hilo la kuning'inia lina maana zaidi ya usumbufu. Mtoto ambaye nyayo zake hazijafika chini hawezi kulegeza misuli ya nyonga; anajishikilia asiingie ndani. Magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga na miguu imekanyaga kitu imara, njia hunyooka na msuli huachia. Kibao cha kukanyagia kingegharimu misumari sita na ubao mmoja.

Ubishi wetu

Daktari alitoa mpango wenye sehemu mbili. Ya kwanza, kusafisha: makrogoli, unga unaochanganywa na maji na kubaki umeyashikilia maji hayo ndani ya utumbo ili kinyesi kilainike, kwa dozi inayopanda hadi donge litoke lote. Hiyo walifanya nyumbani, siku sita. Ya pili, kutunza: dozi ndogo kila siku kwa miezi, na kukaa chooni kila siku kama dakika 5 baada ya kula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka, ndani ya nusu saa hivi. Mlo mmoja wa siku anakula shuleni. Kwa hiyo zamu moja ya kukaa ilikuwa yetu.

Hapo tukagawanyika. Msaidizi wetu, mwenye uzoefu kuliko sisi sote, alisema waziwazi kwamba hatamkalisha mtoto chooni kwa kufuata saa. "Leo tunamwambia akae choo, kesho tutamwambia amalize sahani. Tumekataa shule za namna hiyo." Mwenzangu aliona ni dawa kama dawa nyingine, mtoto hapigi kura juu ya dawa. Mimi nilikuwa katikati, ambapo si mahali pa kujivunia.

Kilichonisogeza ni kufikiri upya nini hasa alichokuwa amepoteza mtoto huyu. Uhuru wa kwenda unapojisikia una maana kwa mtu anayejisikia. Puru yake haikuwa ikimpa habari. Kumwachia achague wakati, katika hali hiyo, ni sawa na kumwachia mtoto aliyefungwa macho achague rangi. Saa ilikuwa inashika nafasi ya ishara iliyokatika, mpaka irudi. Msaidizi hakukubali hoja hiyo moja kwa moja. Alikubali tulipokaa tukaandika nini ni chake mtoto na nini si chake: kukaa si hiari, kutoa si lazima, na hakuna atakayeuliza "umetoa?" Kuchagua choo kipi, kitabu gani, nani amngoje nje, na kugeuza saa ya mchanga kwa mkono wake, yote ni yake. Zawadi hakuna na vibandiko hakuna, vya hili wala vya lingine lolote.

Nadhani tulikuwa sahihi, ingawa najua mwalimu mzuri ambaye angekataa.

Jambo jingine lilibadilika kwa sababu ya msaidizi huyo huyo. Mpaka wakati huo mtoto aliyejichafua alibadilishwa haraka, kimya, na yeyote aliye karibu, tukidhani kimya ndiyo staha. Yeye alikuwa amejifunza njia ya Pikler: unamwambia mtoto unachotaka kufanya kabla hujakifanya, unangoja mwili wake ukubali, unamwacha afanye sehemu yake. "Sasa nitavuta kaptura. Utainua mguu upi kwanza?" Nilimtazama siku moja. Ilimchukua dakika 9 badala ya 3, na mtoto alitoka amesimama wima. Kabla ya hapo alikuwa akitoka akiangalia sakafu, na tuliita hiyo aibu yake, kumbe ilikuwa ya kwetu.

Miezi iliyofuata

Mlango wa choo kidogo ulirefushwa hadi chini. Choo kikubwa kikawekewa kibao. Meza ya maji ikapata kadi yenye picha ya nyayo mbili. Ukiiweka juu ya jagi, maana yake narudi, na hakuna anayegusa. Maji hayaachwi sakafuni, hilo lilibaki.

Wiki ya pili ya mpango alikuwa mkavu. Wiki ya tatu wazazi wakaacha dawa. Siwalaumu, mtoto alionekana mzima, na baba alikuwa na hofu kwamba utumbo utazoea kusaidiwa. Ni hofu ya watu wengi. Lakini makrogoli hailazimishi utumbo kufanya kazi wala haiufanyi mvivu, na puru iliyotanuka kwa miezi hairudi umbo lake kwa wiki tatu. Ndani ya siku 12 alisimama tena kwa ncha za vidole. Safari hii nilimwona mimi, nikaandika, nikampigia mama simu kabla ya adhuhuri. Daktari alianza upya, akawaeleza kwamba dawa huendelea angalau miezi 2, na haiachwi mpaka dalili zote ziwe zimekwisha kwa mwezi mzima, tena kwa kupunguza kidogo kidogo. Kwa mtoto huyu ilikuwa miezi 7.

Alisema pia jambo lililonishangaza. Tulikuwa tumepanga kampeni ya kumnywesha maji mengi na kumwongezea nyuzinyuzi. Akasema apate kiasi cha kawaida cha mtoto wa umri wake, basi. Kuzidisha juu ya hapo hakujaonyeshwa kutibu tatizo hili. Mtoto anayemimina maji saa nzima hakosi kuyanywa, alisema, akacheka peke yake.

Ilibaki habari ya wenzake. Neno "ananuka" lilikuwa limeshatoka, na haliwezi kurudishwa kwa kuwaambia watoto wawe na adabu. Tuliamua kufundisha habari ya choo kama tunavyofundisha mbegu au mifupa, bila kumtaja mtu. Tulichora njia ya chakula kwenye karatasi ndefu kama urefu wa utumbo wa mtu mzima, ikatoka mlangoni ikaingia bustanini. Tukabandika chati ya Bristol, ile yenye aina 7 za kinyesi kuanzia vidonge vigumu hadi maji matupu, iliyochapishwa mwaka 1997. Sijawahi kuona somo linalopendwa vile. Kwa wiki mbili nilipokea taarifa nisizoziomba: "Mwalimu, leo namba 4!" Yule msichana wa duara ndiye aliyekuja kuniuliza mtu akiwa namba 1 kila siku anaumwa nini, nikamweleza. Akafikiri. "Kwa hiyo huwa anaogopa," akasema, akaenda zake.

Madaftari sasa yana safu ndogo pembeni: mkojo, choo, usingizi, rangi ya uso. Tunaijaza kwa alama tu, na ninakiri kuna wiki inabaki tupu. Muhula uliopita ilitupatia msichana wa miaka 3 ambaye hakukojoa kuanzia asubuhi hadi anapochukuliwa, siku nne mfululizo. Yeye alikuwa anaogopa mlio wa kuvuta maji. Tulimwachia avute mwenyewe akiwa nje ya mlango, kwa kamba.

Bwana Maji ameshafika miaka 5 na nusu na sasa anapenda ramani. Kadi ya nyayo imebaki kwenye meza ya maji na wadogo wameirithi. Mmoja wao, wa miaka 3, ameelewa nguvu yake vizuri mno: huiweka juu ya jagi, hutoka, haendi chooni kabisa, huzunguka bustani mara mbili akiimba, kisha hurudi kwenye maji yake huku wenzake watatu wamesimama wanasubiri. Tumelizungumza hilo kikaoni mara mbili na bado hatujakubaliana tumfanyeje.